Siku moja maishani mwangu: fundi wa makro za Excel, Mbeya

Saa 12 asubuhi chai, bajaji mpaka Kabwe, saa 2 laptop iko wazi nasafisha lejista ya wakulima wa mpunga wa Kyela. Hapo hakuna la kusimulia.

Watu wakisikia natumia VBA, lugha ya kuandikia makro, yaani programu ndogo za ndani ya Excel, wanasema hiyo ni ya wanaoanza. Sawa, ni rahisi kujifunza, ila ukiandika mstari mmoja tu wa Declare unaiita Windows yenyewe ikufanyie kitu ambacho Excel haikijui, na mimi nakula kwa hiyo mistari.

Saa 4 simu inaita, bosi wa duka la pembejeo Mwanjelwa. Kanunua kompyuta mpya, sasa akibonyeza kitufe cha kuprinti Excel inajifunga. Na huu ni Novemba, watu wanataka mbolea ya DAP ya kupandia mahindi, foleni imefika nje. Risiti za kodi za EFD zina mashine yake, hii ni ile karatasi ndogo ya kuchukulia mzigo stoo, makro inaituma printani ikiwa na amri za kukata karatasi na kufungua droo ya hela, kwa hiyo inapita winspool, sehemu ya Windows inayoongea na printa: OpenPrinter, StartDocPrinter, WritePrinter.

Nafika, hata shikamoo hajaitikia vizuri. "Dogo, si kitufe tu hicho?" Kila dakika kumi anarudi, mara nitoe kompyuta niweke ya zamani, mara mpwa wake anajua kompyuta, mara wateja wanaondoka. Na ubaya wa kazi hii Excel haikupi ujumbe wa kosa, ukikosea aina ya namba kwenye Declare hata On Error, amri ya kudaka makosa, haishiki kitu, inazima tu na kazi ambayo hujasevu imeenda, kwa hiyo unasevu, unajaribu, inazima, unafungua upya, huku mtu kakusimamia kichwani.

Tatizo lenyewe, Ofisi (Microsoft Office) ya kompyuta mpya ni ya biti 64, si 32 kama ya zamani. Kuna mtu alishapita akaongeza PtrSafe, neno ambalo biti 64 inalidai kwenye kila Declare, kila mahali, mistari ikaacha kuwa myekundu, akaondoka. PtrSafe ni ahadi tu kwamba umekagua, yenyewe hairekebishi chochote! Namba ya kushikia printa ilibaki Long, yaani baiti 4, OpenPrinter inaandika 8, zile za ziada zinaharibu kumbukumbu ya jirani. Inatakiwa LongPtr, ambayo kwenye biti 64 ni baiti 8, na ipo tangu Ofisi 2010. Na huwezi kubadilisha zote kwa pupa, idadi ya baiti kwenye WritePrinter inabaki Long, lazima ukae na kila kipengele kimoja kimoja ujue Windows inataka nini.

Chakula cha mchana sikula. Sijui ilikuwa saa 9 au 10, karatasi ikatoka, ikakatwa, droo ikafunguka, dada wa kaunta akapiga makofi.

Bosi akataka kulipa nusu, eti nimebadilisha maneno machache tu. Nikamwambia mzee, hunilipi maneno, unanilipa kujua ni yapi. Akaangalia foleni inavyosogea, akanitumia yote kwa simu. Kabla sijatoka nikaandika juu ya kila Declare kwa nini iko vile, kwa yeyote atakayeigusa baada yangu.