Nyama ya kifua shavuni mwangu

Leo asubuhi ulimi wangu umegusa vinyweleo ndani ya shavu la kulia. Ni vya kifuani. Daktari alishanieleza kabla ya upasuaji kwamba ngozi inayohamishwa huja na vinyweleo vyake, na kwamba mionzi kwa kawaida huviua. Vyangu vimebaki vichache.

Saratani ya kinywa haikatwi peke yake. Huondolewa pamoja na kiasi cha nyama yenye afya inayoizunguka. Pengo langu lilikuwa kubwa mno kushonwa kwa kuvuta kingo, kwani mdomo usingefunguka tena. Basi wakachukua sehemu ya msuli mkubwa wa kifua pamoja na ngozi yake, wakauacha ukiwa bado umeshikana na mishipa ya damu inayotokea karibu na mtulinga, wakaugeuza kuelekea juu na kuupitisha chini ya ngozi ya shingo hadi shavuni. Njia hii ilielezwa na daktari Stephan Ariyan mwaka 1979, na bado inaokoa watu wengi, hasa pale ambapo hakuna darubini ya upasuaji wala wataalamu wa kuunga mishipa midogo.

Siwasahau manesi wa zamu ya usiku. Tochi mdomoni, kidole kinabonyeza ngozi ile taratibu, kisha macho yanasubiri rangi irudi. Ikipauka, damu haiingii. Ikiwa ya bluu, damu imeingia lakini haitoki. Walihakikisha pia kwamba kamba ya bomba la kupumulia hainikazi shingoni, kwa kuwa uhai wote wa shavu langu ulipitia hapo. Kila walipoitikia kwa kichwa, nililala tena.

Wanaonitembelea huangalia sura. Husema uvimbe wa shingoni, pale msuli ulipopitishwa, umepungua, na ni kweli, maana msuli usiotumika hunywea kadiri muda unavyokwenda. Nashukuru kwa upendo wao. Ila ninachokihesabu mimi ni maji: nikinywa, hayamwagiki wala hayapalii. Kwa mtu aliyelishwa kwa mpira puani, hilo ni kubwa kuliko kioo.

Ganzi ndiyo ngumu. Shavu hili halihisi chochote. Chakula hukwama humo bila mimi kujua, na cha moto kinaweza kuniunguza kimyakimya, hivyo napima joto kwa upande wa kushoto kwanza, kisha nasukutua kila baada ya kula. Mkono wa kulia, upande uliotolewa msuli, nao huvuta ninapounyanyua, ndiyo maana mazoezi ya bega siyaachi. Natamani wagonjwa wote waambiwe habari za bega mapema, kwa sababu kila mtu huzungumzia uso tu.

Daktari amesema uvimbe uliobaki shingoni unaweza kupunguzwa kwa upasuaji mdogo. Nimemwomba tusubiri. Kwanza nataka niweze kusema "baba" na midomo ifunge sawasawa. Mtaalamu wa matamshi anasema imebaki kidogo.