Mwezi wa tatu huu tunangoja daktari bingwa wa macho

Jamani leo nimerudi nyumbani nikalia. Tumehamia Unguja kutoka Wete baada ya Idi, mi na mamaangu, ana presha ya macho, kule Pemba daktari alikuwa anamjua na faili lake lipo, huku tumeanza upya kama hajatibiwa maisha yake. Mwanzo tukapewa apointimenti ya miezi miwili mbele, sawa tukangoja, siku ilipofika tumetoka Fuoni ile tu kusali alfajiri, daladala limejaa, mama kasimama mpaka kijana mmoja akampisha kiti Mungu ambariki, tumekaa foleni mpaka adhuhuri ndo twaambiwa daktari kasafiri rudini mwezi ujao. Basi.

Kinachoniuma presha ya macho haingoji mwezi ujao. Wengi hawasikii maumivu yoyote, inakula mshipa wa fahamu wa jicho pole pole, kuona kunapotea kuanzia pembeni, na kilichokwishapotea hakirudi hata kwa operesheni, dawa zinazuia tu kisizidi. Juzi mama kagonga mlango kwa bega, anasema hakuuona. Matone yake namnunulia famasi kwa cheti cha zamani, lakini presha yenyewe ipo ngapi sa hivi nani kapima?

Mnaohama wenye mgonjwa, ombeni nakala ya faili kabla hamjapanda boti Mkoani, mi sikuomba na sasa nampigia simu shemeji kila siku aende akanifatilie. Na kama kuna anayejua pa kupimiwa presha ya macho tu, wakati tunangoja, naomba aniambie, hata leo usiku.