Ile dawa waliyomchoma shangazi kabla ya picha

Leo nimeshinda Hospitali ya Mkapa, Dodoma, na shangazi, katoka Kondoa na kichwa kinachomsumbua muda mrefu, sasa hata mkono wa kushoto unalegea, dokta akaandika MRI ya ubongo yenye kontrasti, yaani unachomwa dawa ili picha ionyeshe vizuri. Hapo ndo grupu la familia likawaka, mjomba anasema wanamchoma mionzi, binamu anasema ile dawa inaua figo, shangazi mwenyewe kwenye daladala kaniuliza, "Mwanangu, kwani hawawezi kupiga tu bila sindano?"

Nilimpenda sana yule kijana wa mashine. Kampa shikamoo yake, kakaa chini, kamwambia mama, MRI ni sumaku, mionzi haina, na hii dawa pia haina. Ni gadoliniamu, madini ambayo yakiwa peke yake ni sumu kweli, kwa hiyo yanafungwa ndani ya molekuli inayoyashikilia mpaka yatoke kwa mkojo, figo zikiwa nzima sehemu kubwa inatoka ndani ya masaa 24. Binamu naye hakuitoa hewani maana mwaka 2006 ilijulikana kwamba wenye figo zilizochoka kabisa walikuwa wanakakamaa ngozi kwa sababu ya dawa hizi, ndo maana shangazi alipimwa kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu cha kujua figo zinafanyaje kazi. Na 2017 Ulaya walisitisha kadhaa za zamani, zile zinazoyashika madini kwa ulegevu.

Shangazi ana kilo 60, kachomwa mililita 12. "Baridi inanipanda mkononi," alisema ilipoingia, bas.

Alafu dokta akatuwekea picha mbili pembeni kwa pembeni. Ya kabla ya dawa ni kijivu juu ya kijivu, unaona tu ubongo umesukumwa kidogo upande mmoja. Ya baada, dah, donge jeupe pee limeegemea utando wa ubongo, kingo zote zinaonekana. Mishipa ya ubongo usio na ugonjwa imebana kama mlango wenye mlinzi, dawa haipiti, ila mishipa ya uvimbe inavuja, dawa inamwagika pale na maji ya pale yanang'aa kwenye picha. Dokta anahisi ni meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, lakini kasema weupe peke yake hautoshi, jipu na kifua kikuu cha ubongo navyo vinawaka, na kuna uvimbe unaokua taratibu ambao hauwaki kabisa, na ile mibaya seli zake zinakuwa zimeshavuka ukingo mweupe. Hili nadhani watu wengi hatuambiwi, tunaona cheupe tunajua ndo chote.

Shangazi kaangalia muda mrefu halafu akasema, "Kumbe kako hapo."

Jumatatu tunamwona daktari wa upasuaji wa ubongo. Jina la dawa na mililita nimeandika nyuma ya kadi yake, maana akifanyiwa upasuaji ntaomba picha nyingine yenye kontrasti ndani ya siku mbili tatu, kabla kovu nalo halijaanza kung'aa wakashindwa kujua kama kuna kilichobaki.