Siku yangu na dundu asiye na jina

Saa 12 asubuhi. Niko kwenye miombo nje ya mji wa Kigoma, nakagua mitego: vindoo vilivyofukiwa hadi mdomo ulingane na ardhi, ndani maji ya sabuni, juu inaning'inia chambo kwenye kitambaa. Chambo ni kinyesi. Cha ng'ombe kinafaa, cha binadamu kinafaa zaidi, na nakipata wapi tusiulizane.

Mvua za Novemba zimeanza, dundu wamejaa. Mzee anayepitisha mbuzi anachungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hawa si wale wa mavi tu?"

Namwambia mmoja wao huenda ni spishi mpya, hajawahi kuandikwa na mwanasayansi popote. "Mbona mimi namjua tangu utotoni?" Akaenda zake.

Saa 3. Mezani, chini ya hadubini. Dundu wangu ni wa *Onthophagus*, jenasi (kundi la spishi ndugu) yenye spishi zaidi ya 2,000, nyingi zinafanana kama mapacha, kwa hiyo rangi na pembe havitoshi. Kinachoamua ni umbo la uume wa dume. Namloweka kwenye maji ya moto alainike, kisha kwa sindano iliyopindwa ncha nauvuta taratibu kutoka tumboni. Uume ukatoka mzima, mguu wa nyuma ukabaki kwenye koleo. Nilitukana kidogo.

Saa 7. Umeme umekatika. Ugali na mgebuka.

Saa 9. Hakuna barua pepe. Nasubiri picha za vielelezo vya zamani ili nilinganishe. Wadudu waliookotwa huku enzi za Wajerumani wengi wako kwenye makumbusho ya Berlin, wengine wengi wa Afrika wako kwenye ya Tervuren, Ubelgiji. Dundu wa hapa, mpaka nimwombe kwa mtu wa Ulaya!

Saa 10. Kuandika. Nusu saa nzima nabishana na nafsi yangu kama vishimo vya mgongoni "vimesongamana" au "vimetawanyika". Halafu namchagua holotaipu, yule mmoja atakayebeba jina daima. Mwenye miguu sita, bila shaka. Sindano inapita kwenye ganda la bawa la kulia, chini yake lebo: mahali, tarehe, aliyemkusanya. Lebo nyekundu, alama ya holotaipu, itafuata.

Saa 2 usiku. Jina bado. Kumpa jina langu mwenyewe ni aibu. Tena tangu 2012, makala ya mtandaoni tu isiposajiliwa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, jina jipya lililomo halihesabiki. Kesho mitegoni nitamuuliza yule mzee, kwa Kiha wanamwitaje.