Inseti za kabaidi kwa leithi ndogo: usinunue kama mwenye kiwanda

Hili swali la inseti gani (vile vincha vya kabaidi vya kukatia, vinavyofungwa na kubadilishwa) ununue kwa hizi leithi ndogo za mezani, mashine za kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, zile zenye mota ya wati 550 hivi, mara nyingi linakuja mtu akiwa kashanunua boksi zima la inseti za rangi ya dhahabu mtandaoni, kisa zinang'aa na bei chee. Ile dhahabu ni koti tu jamani. Haikwambii chochote kuhusu ukali wa ncha, na kwenye mashine ndogo ukali ndo kila kitu.

Anza na herufi ya pili ya kodi, yaani yale maandishi yanayotaja aina ya inseti. Chukua CCMT 060204, C ya kwanza ni umbo, kona yake digrii 80. C ya pili ndo ya kuishika: inamaanisha ubavu wa inseti umekatwa kuingia ndani digrii 7, so kinachogusa chuma ni makali tu. Ukikuta N hapo, kama CNMG au WNMG, ubavu umesimama wima kabisa, na ili usisugue, holda (chuma kinachoishika inseti) inabidi iilaze inseti kichwa chini. Hapo inakuwa inakata kwa kusukuma. Kiwandani kwenye mashine ya tani mbili safi kabisa, tena unaigeuza upande wa pili unapata makali mengine, hela inalipa. Lakini leithi ambayo unaishusha kwenye gari wewe na mwenzako haina ubavu wa kubeba nguvu hiyo, inaanza kulia halafu kazi inatoka na mawimbi.

Namba sasa. 06 ni urefu wa makali kwa milimita, 02 unene, 04 ni mviringo wa ncha, yaani radiasi ya mm 0.4. Wengi hawaiangalii hiyo ya mwisho, wakati ndo inayoamua ukate kina gani. Ukitaka kutoa mm 0.1 tu kwa ncha ya 0.4, na makali ya CCMT kwa kawaida yamebutuliwa kidogo makusudi ili yasimeguke, chuma kinaikimbia inseti, unapima unakuta saizi ni ileile, unaongeza kidogo, ghafla inakula zaidi ya ulichoomba na kazi imeshaharibika. Tafuta inayoishia na 02 badala ya 04 kwa kazi nyembamba.

Na kama bajeti inaruhusu chukua CCGT. Hizi zimenolewa kwa jiwe na nyingi zimepolishiwa juu, wauzaji wanaziandika ni za alumini, ila kwenye leithi ndogo zinakata hata chuma laini vizuri tu na zinakubali kutoa unywele. Makali yake hayadumu kama ya CCMT ukiwa kwenye chuma, mi naona bado ni biashara nzuri. Holda ya kuanzia ni SCLCR, mguu wa mm 10 kama mashine yako inaupokea. Hiyo moja inachonga kwa urefu na inasawazisha uso bila kugeuza holda.

Kabaidi inapenda spidi. Kwa chuma laini chukulia mita 100 kwa dakika, kipande cha mm 25 kinataka mizunguko kama 1,270, hiyo unaipata, ila kipande cha mm 10 kinataka karibu 3,200 na nyingi ya hizi mashine zinaishia 2,500. Bado itakata, ila usitegemee ule mng'ao wa kwenye video. Na maji ya kupoza, ama mwaga mfululizo ama acha kavu kabisa, ukidondosha tone tone kwenye inseti ya moto inapata nyufa.

Vyuma vya HSS, vile vya kukatia vya zamani unavyovinoa mwenyewe, usivitupe. Kazi yenye mapengo, mfano pembe sita au shafti yenye njia ya ufunguo (mfereji uliochongwa ubavuni), inagonga ncha kila mzunguko na kabaidi inameguka. HSS inavumilia, ikiisha makali unaenda kwenye grenda. Pia usizime chaki (ile taya inayoshika na kuzungusha kazi) huku ncha bado imezama kwenye chuma, hiyo ndo njia ya haraka ya kupoteza kona.

Halafu CCMT ikiisha kona zake mbili za digrii 80 usiitupe, zimebaki mbili za digrii 100 ambazo hazijaguswa na zina nguvu zaidi. Kuna holda zake maalum, unazitumia kwa kusawazisha uso na kazi za kukwangua mwanzo.