Mbwa Mmoja Zaidi

Jumapili, usiku

Leo sikushika fagio. Nimeshinda na daftari la mapokezi la kituo chetu cha wanyama, nikitafuta kitu kimoja tu: kila mnyama aliingia lini, akatoka lini. Kazi ya kuumiza macho. Kurasa nyingine zina tarehe ya kuingia bila ya kutoka, nyingine zimeandikwa "mbwa mweusi, mdogo" na basi, kana kwamba mbwa weusi wadogo ni wa kutafutwa kwa tochi. Lakini kufikia jioni hesabu ilianza kujitokeza, na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mgeni akitembelea kituo cha wanyama kilichoko shamba, mbali na barabara kuu, huondoka akisikitikia pesa. Ni kweli, pesa hakuna. Bati linavuja, sakafu ina nyufa, daktari wa mifugo anafika siku akipata usafiri. Ila mimi nimeanza kuamini kwamba kinachotumaliza kwanza si ufukara, ni msongamano. Na msongamano hauletwi na wingi wa wanaoingia peke yake. Unaletwa na siku wanazokaa. Chukua kituo kinachopokea mbwa 2 kwa siku. Kila mmoja akikaa siku 30, wakati wowote utakuta mbwa 60 wa kulishwa, kuoshewa banda na kutazamwa afya. Wakikaa siku 15, utakuta 30. Waliopokelewa ni wale wale, hakuna aliyerudishwa langoni, na hakuna banda jipya lililojengwa, ila kila mbwa amepata nafasi kubwa mara mbili.

Kuna kipimo kilichotumika miaka mingi kwenye vituo vya Marekani: dakika 15 kwa mnyama kwa siku, 9 za usafi na 6 za kulisha, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mbwa 60 basi ni saa 15 za kazi, kabla hujampa hata mmoja wao dawa, kabla hujamtembeza yeyote. Sisi tuna Mzee wa mabanda, Bi Mkubwa mwenye kituo, na sisi wa kujitolea tunaokuja tukijaliwa. Nani atazitoa hizo saa? Hakuna. Kwa hiyo zinaibwa kidogo kidogo kutoka kwa kila mnyama, na mnyama hasemi.

Kilichonishangaza zaidi ni wale waliokaa muda mrefu kuliko wote. Nilidhani watakuwa wagonjwa, au wakali. Wengi wao hawakuwa hivyo. Walikuwa mbwa wazima, wapole, waliokuwa wanasubiri mtu aamue: huyu apewe chanjo ya pili lini, huyu ahasiwe lini, huyu apigwe picha na nani ili watu wamwone. Wagonjwa hutazamwa kila siku kwa sababu wanatia hofu. Mtulivu wa banda la mwisho husahaulika. Nimependekeza tuwe tunapita kila asubuhi banda kwa banda na swali moja, "huyu anasubiri nini?", na jibu liandikwe papo hapo mbele ya jina lake. Haigharimu kitu zaidi ya kalamu.

Usafi nao. Hapa ndipo penye maneno.

Mzee anasafisha kwa bidii kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anamwaga dawa ya klorini kwenye ndoo, anachovya dekio, anaanza banda la kwanza hadi la mwisho kwa dekio lile lile na maji yale yale, ambayo yakifika katikati ya safari yamegeuka rangi ya chai. Nilipomuuliza kwa upole, akanijibu, "Mwanangu, harufu ya dawa si unaisikia? Basi ndiyo usafi wenyewe." Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, lakini harufu haiui kitu." Akacheka. Tumeelewana polepole, na sasa ndiye anayewafundisha wageni.

Adui yetu mkubwa ni virusi vya parvo. Mbwa mchanga akiugua hutapika, huharisha damu, na asipopata maji mwilini haraka anakwenda. Virusi hivyo hukaa kwenye mazingira miezi mingi, hata kupita mwaka, na dawa nyingi za kawaida za kufutia sakafu havizijali. Klorini inaviua, lakini klorini ina tabia zake. Ikikutana na kinyesi inaishiwa nguvu hapo hapo. Kwa hiyo kwanza unazoa uchafu, unaosha kwa sabuni, unasuuza, ndipo unapaka klorini iliyochanganywa upya siku hiyo, kipimo kimoja cha dawa ya kawaida ya dukani kwa vipimo 32 vya maji, na sakafu ibaki imelowa dakika 10. Dakika kumi ni nyingi ukiwa na mabanda mengi mbele yako na mbwa wanabweka. Na usimwage klorini juu ya mkojo ambao haujasuuzwa: vikichanganyika hutoa hewa inayochoma macho na kifua, ya mbwa na ya kwako. Kikohozi alichokuwa nacho Mzee asubuhi, sisi sote tukidhani ni baridi, kilipungua alipoanza kusuuza kwanza.

Halafu utaratibu wa safari ya kusafisha. Anza na wachanga, nenda kwa wazima wakubwa, kisha mbwa wapya ambao bado wanatazamwa, wagonjwa wawe wa mwisho. Upande wa wagonjwa una fagio lake, ndoo yake na viatu vyake, na kwenye mipini tumefunga kitambaa chekundu ili asiwepo wa kusema hakujua. Kwenye uwanja wa udongo wachanga hatuwaingizi kabisa. Udongo hauoshwi, virusi vikishaingia humo, ni vya humo.

Chanjo hupewa mnyama siku anayoingia, kabla hajafika bandani, si wiki moja baadaye "akishazoea". Wachanga wa kituoni huanza wakiwa na wiki 4 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3 mpaka watimize wiki 20, kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama huzuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye siku gani hasa kinga hiyo itaisha kwa mtoto yupi. Hapo friji inakuwa na thamani kuliko ukuta mpya. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiganda imeharibika, hata ukiiyeyusha vizuri namna gani. Kipimajoto kidogo ndani ya friji ndicho ningeomba kwanza, kama mfadhili angeniuliza. Huwa hawaulizi.

Wanaleta wanachojisikia kuleta, na nawashukuru, lakini acha niseme la moyoni. Kuna siku tulipokea dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini, sumu ya kuulia wadudu, aliyezileta akifikiri zitafaa na kwa paka. Paka akipakwa hiyo hutetemeka mwili mzima na anaweza kufa. Tuliziweka juu kabisa, tukaandika kwa wino mzito. Nguo kuukuu hazina idadi. Kilichotufaa kuliko vyote ni maboksi yaliyobeba misaada hiyo.

Sifanyi mzaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2014 majaribio yao juu ya paka waliokuwa wametoka kuingia kituoni: waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wasiopewa. Na utulivu wa paka si anasa. Wengi wanabeba virusi vya mafua ya paka vilivyolala mwilini, na hofu ndiyo inayoviamsha. Tumetoboa mlango kwenye kila boksi na kuliweka kizimbani, na siku hizi hatumtoi paka wakati wa kusafisha. Tunafuta pembeni yake, tunabadilisha mchanga wa choo chake, tunaondoka. Yule wa kijivu aliyekuwa anatema mate kila mkono ukimkaribia sasa anatoa pua nje ya boksi sahani ikigonga sakafu, anasubiri nifunge mlango, ndipo anakula. Tungefuata desturi ya zamani ya kumkamata kwa taulo kila asubuhi, angekuwa anapiga chafya mpaka leo.

Yote hayo yanawezekana. Linalonishinda ni la langoni.

Jana amekuja mama mmoja na mbwa jike kwenye toroli, watoto wananyonya njia nzima. "Dada, mchukue tu, mimi sina cha kumpa." Bi Mkubwa alikuwa ameshanyoosha mikono. Nikamvuta pembeni nikamwambia banda la wanyonyeshao limejaa, na wachanga wale ambao hawana chanjo tukiwaingiza humu tunawapeleka kwenye parvo sisi wenyewe. Akanitazama. "Sasa mwenzangu, nikimkataa nitalala vipi?"

Sikumlaumu. Kituo hiki kipo kwa sababu yeye hajui kukataa. Lakini huruma yake inaishia langoni, na anayeilipa ni yule mtulivu wa banda la mwisho. Tulikubaliana hivi: yule mama arudi na mbwa wake nyumbani, sisi tumpe chakula na dawa ya minyoo, watoto waletwe wakifika umri wa chanjo, na jike afungwe kizazi akishaachisha. Mama yule alishangaa, kisha akafurahi. Kumbe hakutaka kumtupa, alitaka msaada. Nadhani wako wengi kama yeye wanaofika langoni wakiwa na jibu moja tu mkononi.

Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, na paka anaweza kushika nyingine hali bado ananyonyesha. Bila kufunga vizazi huko majumbani, sisi tutabaki kuchota maji bombani bila kulifunga. Na siku hiyo hiyo ya upasuaji mbwa wa jirani wachanjwe kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata maambukizi. Majirani wanaotulalamikia kelele wangetutazama kwa jicho jingine.

Daktari ameshakubali kuja, ila anataka chumba kinachofungika, chenye mwanga na maji. Kilichopo ni stoo, na stoo imejaa magunia ya nguo kuukuu mpaka darini. Nimemwomba Mzee kesho tuanze kuyatoa. Amekubali, lakini anataka kwanza ajue yatawekwa wapi. Kuna kona nyuma ya mabanda ya paka, ingawa mvua ikinyesha panaingia maji, na Bi Mkubwa hataki kitu chochote cha msaada kitupwe kabla hajakipekua mwenyewe.