Nimerudi Malindi, na bado naziwaza zile hoteli za Milano

Tangu nirudi hapa Malindi kila nyumba ninayoingia swali ni lile lile, haya dada huko Italia mlikuwa mwala nini, na wengine wauliza huku washajijibu kwamba tulikuwa twala piza asubuhi na piza jioni. Sasa nimeona niandike mara moja watu wasome, kwa sababu jawabu ni refu, na pia kuna jambo laniwasha moyoni tangu nirudi na nataka watu wa hapa kwetu tulizungumze.

Mie nimekaa Milano miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kulea wazee majumbani mwao, na Jumapili ndio ilikuwa siku yangu. Pesa za kuchezea sikuwa nazo, lakini kila mwezi nilikuwa naweka kidogo cha kwenda kula nje na wenzangu, mmoja wa Mombasa na mwengine Msomali, na hatukuwa twafuata mahali pa kupiga picha, tulikuwa twafuata tukisikia hapo kuna mtu anapika. Milano ni mji mkubwa, mji wa mabenki na mitindo ya nguo, na ukitembea pale katikati karibu na kanisa kuu la Duomo hoteli zimepangana bega kwa bega, nyingi zapikia mgeni wa siku moja ambaye wajua hatarudi, na ukila waona kabisa chakula hakina mwenyewe. Hizo tulizipita. Zilizobaki kichwani mwangu ni zengine.

Ya kwanza ni za Waeritrea kule Porta Venezia. Eritrea ilikuwa koloni la Italia mpaka 1941, kwa hivyo wale watu wana historia ndefu na Waitalia, na wengi walikuja Milano miaka ya 1970 wakikimbia vita. Mitaa ya pale hoteli zao ziko kadhaa karibu karibu. Yaletwa sinia moja, imetandikwa injera, ule mkate wao mwembamba laini wa chachu, juu yake shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, imewekwa katikati bado yatokota, kando dengu, kando mboga za majani, na nyinyi wote mwanawa mikono mwaingia. Mimi kilichonishika ni kwamba pale mwenye hoteli hakupunguza pilipili kwa ajili ya mtu. Wataliana walikuja na makoti yao ya ofisini wakakaa wakala kwa mkono kama wengine, na hakuna aliyewaomba radhi kwamba chakula hiki ndivyo kinavyoliwa. Alafu kwetu sisi Waislamu ilikuwa raha nyengine, kwa sababu Wakristo wao wa Othodoksi wafunga Jumatano na Ijumaa hawali nyama wala maziwa, kwa hivyo vyakula visivyokuwa na nyama ni vingi na vimepikwa kwa ufundi, sio zile mboga za kumtuliza mtu ambaye hali nyama. Twashiba, twakaa, twapigiwa kahawa. Masaa yaenda.

Pengine ni Luini, hapo hapo nyuma ya Duomo, ni duka la mikate la tangu 1888. Wauza panzerotti, unga umekunjwa nusu duara, ndani nyanya na jibini, wakaangwa. Huo si upishi wa Milano, ni wa kusini, Puglia, na ulifika mjini na mama mmoja wa familia ile aliyehama kutoka kusini baada ya vita kuu ya pili akaja na alichokuwa akipikiwa kwao. Leo mstari wa watu wajaa barabara, watoto wa shule, wanasheria, watalii, kila mtu na karatasi yake mkononi mafuta yachuruzika. Nikitumwa mjini siku za kazi lazima nipitie. Na kila nikisimama kwenye ule mstari nilikuwa namfikiria yule mama, kwamba hakuja Milano akajifunza kupika cha Milano ili akubalike.

Sasa nije kwa wali, maana hapa ndio penyewe. Watu wa kaskazini mwa Italia ni watu wa mchele, wanalima mchele wao bonde la mto Po, na chakula cha Milano hasa ni risotto ya zafarani. Kulikuwa na hoteli ndogo ya familia mtaani kwa yule bibi niliyekuwa namlea, meza chache, menyu imeandikwa kwa mkono na kila siku yabadilika, na mpishi ni mzee mwenyewe. Nikamwambia mie sinywi mvinyo na nyama yenu sili, basi nawezaje kula wali wako? Akasema hamna shida, ila utangoja, kwa sababu nakupikia wako peke yako. Akaniita nisimame mlangoni mwa jiko nione. Kwanza alikaanga mchele mkavu kwenye siagi na kitunguu, bila maji, mpaka ukaanza kulia ndani ya sufuria. Alafu supu ya mboga ya moto, upawa mmoja, akoroga, ikinywewa atia upawa mwengine, akoroga, dakika 18 hivi na hakubanduka pale wala hakuongea na mtu. Zafarani alikuwa ameiroweka pembeni, akaimimina karibu na mwisho na wali wote ukageuka ile rangi tunayoijua sisi kwenye biriani ya harusi. Akaepua, akatia siagi baridi na jibini la kusagwa, akaupiga kwa nguvu, akainamisha sahani kuangalia kama wali wasogea wenyewe. Ukasogea. Akanipa.

Wallahi nilikula nimenyamaza. Alafu siku nyengine nikaona kwenye ile menyu kitu chaitwa riso al salto, nikamuuliza ni nini, kumbe ni risotto ya jana wanaichukua wanaibana kwenye kikaango mpaka yashika na kuwa kavu pande zote mbili, yaliwa ikilia mdomoni. Ukoko! Sisi ukoko twagombania nyumbani watoto kwa watoto, mgeni haonyeshwi, na wao wameuweka kwenye menyu na watu wazima waja kuulipia. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi sana.

Napoli nitapita haraka kwa sababu wengi mwapajua kwa sifa. Tulikwenda kwa treni pale kwenye duka la piza la da Michele, wako tangu 1870, na kwa miaka mingi waliuza aina mbili tu, margherita na marinara, hii ya pili haina hata jibini, ni nyanya, thomu, oregano na mafuta ya zeituni basi. Wachukua namba wasimama nje, ukiingia wakaa na watu usiowajua meza moja, piza yaingia tanuri la kuni na haikai hata dakika mbili imetoka. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka ule ufundi wa watengeneza piza wa Napoli kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Chakula cha maskini, cha barabarani. Hawakukipamba ndio kikafika huko, walikipika vile vile na wakakataa kukiongezea mambo.

Haya, nimerudi. Familia yangu, Mungu awaweke, wakaona huyu atoka Ulaya tumpeleke mahali pa maana, wakanipeleka hoteli moja ya ufuoni yenye vitambaa mezani. Na nisieleweke vibaya, Waitalia wa Malindi si wageni wa jana. Walianza kuja miaka ya 1960 na mradi wa San Marco kule Ngomeni, ule wa kurusha setilaiti kutoka baharini, na hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Wakapenda mji, wakajenga, wakaleta vyakula vyao, na leo hapa mjini wapata piza ya tanuri la kuni na aiskrimu ambazo hata Milano hazingeona haya. Vijana wetu ndio wapishi jikoni, na wamejua kazi, mashallah.

Lakini mie nilikuwa nataka samaki wa kupaka na wali wa nazi. Nikauliza. Weita, kijana mwenye adabu kabisa, akaniambia mama hicho kwenye menyu hakiko, labda uagize siku moja kabla. Na wakati ananiambia hivyo harufu ya nazi ilikuwa yatoka jikoni, nikamuuliza na hiyo je? Akasema hiyo ni ya wafanyakazi, maharagwe ya nazi, twala sisi nyuma. Nikala piza. Ilikuwa nzuri. Lakini moyo wangu ulikuwa kule nyuma na wale vijana.

Hilo ndilo laniwasha. Mji huu una wapishi ambao nimezunguka mji mkubwa wa Ulaya miaka na miaka na sikuona wa kuwashinda, na hawana meza. Nendeni mkamuangalie shangazi yangu pale Shela ya hapa Malindi akipika samaki wa kupaka. Changu ampasua mgongoni, amsugua thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, amweka juu ya makaa ya moto wa wastani. Tui ni la kwanza, zito, ameliweka jikoni na ukwaju na bizari mpaka limeshikana lasimama kwenye kijiko. Ampaka upande mmoja, amgeuza, ampaka tena, lile tui ladondokea makaa moshi wapanda wamrudia samaki, na yeye akaa hapo kwenye kibao chake haulizwi kitu hajibu mpaka amemaliza. Ni yule yule mzee wa Milano kabisa! Tofauti ni kwamba yule ana hoteli na watu wapiga simu kuweka nafasi, na huyu hapikii mtu ila mjomba akija kutoka Lamu.

Na wapishi wetu wa harusi je? Watu wapika biriani ya mamia ya watu kwa kuni, wapalia makaa juu ya kifuniko wakijua kwa pua tu saa ya kuepua, na wewe usipoalikwa harusini huli. Mkate wa mofa, ule wa kuokwa kwenye tanuri la udongo, wazee waliokuwa wakiupika sasa nawauliza naambiwa fulani alifariki, fulani mikono haimruhusu.

Najua wengine mtasema chakula chetu kipo, kwani hujaona viazi karai, bhajia, mishkaki za usiku, mahamri na mbaazi asubuhi, biriani ya Ijumaa kwenye hoteli za mjini? Nimeona na nakula kila siku na nashukuru. Lakini hivyo vingi twavila tumesimama, au mfukoni twenda nyumbani, na biriani ya Ijumaa ikifika Jumamosi imekwisha mpaka Ijumaa nyengine. Mimi nasema mahali pa kukaa. Jioni, mtu na mamake, na watoto, na mgeni wake, chakula cha baharini cha nazi kimepikwa na anayekijua, na hakuna spageti kwenye menyu ya kumtafutia mtu asiyetaka.

Dada mmoja aliniambia nani atalipia alichonacho kwake? Nikamwambia mtu wa Milano risotto apika kwao pia, na bado atoka. Watu wa Roma wana siku zao tangu zamani, Alhamisi gnocchi, vile vidonge vya viazi, Ijumaa samaki, Jumamosi matumbo, na nyumbani wavijua vyote hivyo. Watoka kwa sababu huyu anayepika hapa apika kila siku kitu kimoja na mkono wake umeshakolea.

Mzee mmoja naye akanipa jambo zito zaidi, akasema mwanangu, kwetu kumuuzia mtu chakula ilikuwa ni kama kumnyima, mgeni alishwa. Hilo nalichukua kwa heshima zote, nimelelewa hivyo mie, mlango wetu haujawahi kufungwa saa ya kula. Lakini shikamoo mzee, mgeni wa kulishwa nyumbani aendelee kulishwa. Wale wasiokuwa na jamaa hapa, anayeshuka kwenye basi kutoka Garissa, mwalimu wa kutoka Kisii aliyepangiwa shule Malindi, hata huyo Mtaliana aliyekaa hapa miaka kumi, atakula wapi samaki wa kupaka kama shangazi yangu hana meza?

Basi nimeanza kuongea naye. Hataki hoteli, na simlaumu, ni kazi ya kuvunja mgongo na nazi na makaa havishikiki bei. Tumekubaliana Alhamisi na Ijumaa usiku, uani kwake, meza ndefu mbili, samaki wa kupaka, wali wa nazi, pweza akipatikana, maji ya ukwaju, basi. Ukoko utaletwa mezani kwenye sahani yake, hilo nimelishikilia. Vikiisha vimekwisha. Tutaanza baada ya kusi kupungua, samaki wakiwa wengi.

Na nimebakiwa na ombi moja. Yeyote anayemjua mtu ambaye bado anapika mkate wa mofa, awe hapa Malindi, Mambrui, au hata Lamu, naomba aniambie alipo. Nitakuja mwenyewe, na kama atakubali kunifundisha nitakaa hata wiki.